Meza Iliyokatwa Miguu

Kati ya watu wa Sand Butte, mji mdogo wa wafugaji huko Marekani, waliopenda kupiga shabaha za mbali, hapakuwa na jozi kama Arlys Brekke na mumewe Gaylen. Gaylen alipoteza jicho la kulia angali kijana, seng'enge ya uzio ilipokatika na kumchapa usoni, na tangu siku hiyo hakulenga tena kitu cha maana. Lakini alikuwa na mikono, na Arlys alikuwa na macho. Basi wakagawana kazi. Mume alikaa gerejini akitengeneza risasi, mke akazipiga. Siku za mashindano Arlys alilala kifudifudi juu ya mkeka, bunduki begani, na Gaylen akaketi nyuma yake kwenye kiti cha kukunja, jicho lake zima kwenye darubini, akiutazama upepo unavyolaza nyasi.

"Ngoja," alimwambia. "Ngoja kwanza. Haya, kushoto kidogo. Sasa."

Naye akafyatua. Shabaha ilikuwa yadi elfu moja mbele, karibu kilomita nzima, mbali kiasi kwamba ng'ombe akisimama pale huonekana kama punje ya pilipili manga.

Risasi za dukani hazifai kwa umbali huo. Moja hutoka mbio, nyingine huchelewa kidogo, na kule mwisho tofauti ya unywele huwa tofauti ya mkono mzima. Mwenye nia ya kushinda hujitengenezea mwenyewe. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, akayarudisha umbo lake ndani ya kalibu ya chuma, akatia kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, akapima baruti, kisha akasukuma kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda, kikae wima bila kuinama hata chembe. Nguvu ya kazi hiyo hutoka kwenye mashine ya kushindilia, chuma chenye wenzo, mkono mrefu wa kushusha, kilichofungwa mezani kwa boliti. Gaylen alikuwa na mashine kubwa ya mzunguko. Wenzo uliposhuka mara moja, maganda matano yalifanyiwa mambo matano kwa mpigo. Aliinunua mabega yalipoanza kumuuma, ili amalize kazi mapema.

Ugonjwa wa kusahau ulimnyemelea wakati huohuo, nao wote wawili wakawa wanauita uchovu. Mpaka mashindano ya mwisho wa kiangazi kimoja, Arlys akiwa mkekani, risasi ikalipuka isivyo kawaida. Komeo la bunduki likakwama, hewa ya moto ikarudi nyuma na kumchoma shavu. Miwani ndiyo iliyomwokoa macho.

"Kulikoni?" Gaylen akauliza kutoka kitini.

"Bunduki imechoka," Arlys akasema. "Twende nyumbani."

Kesho yake, mumewe akisinzia sebuleni, alizing'oa vichwa zile risasi zilizobaki, moja baada ya moja. Nyingine zilikuwa na baruti ya bastola, kali mno kwa bunduki ile. Nyingine hazikuwa na baruti kabisa. Arlys akamwaga vyote, akafunga gereji kwa kufuli, na ufunguo akauweka ndani ya kopo la unga. Gaylen hakuuliza ufunguo uko wapi. Hilo lilimuuma Arlys kuliko shavu.

Akaacha kupiga shabaha. Majira yakapita, na majira mengine. Halafu Gaylen akatoka nje na kandambili za nyumbani theluji ikianguka, dereva wa gari la kukwangua theluji akamkuta kando ya barabara akimtafuta farasi aliyekufa kabla hawajaoana. Binti yao Karla akaja kutoka Spokane, akakaa wiki moja, akalia, akatia sahihi karatasi za kumhamisha baba pamoja na mama yake, akarudi kwake. Gaylen akahamia nyumba ya wazee mjini.

Arlys akabaki shambani na upepo. Ng'ombe walikwisha kuuzwa, malisho yamekodishwa kwa jirani asiyependa maneno. Asubuhi redio ilisoma bei ya ndama, naye akawa anaijibu. "Hiyo ni bei au matusi?" aliiuliza redio, halafu akanyamaza, akaona haya kana kwamba kuna mtu dirishani. Jumapili alipika kipande cha nyama cha watu wawili kama alivyozoea, akakila peke yake mpaka Alhamisi. Kila adhuhuri alikwenda mjini kumlisha mumewe, na kila mara aliporudi alikaa kidogo ndani ya pikapu kabla ya kuzima injini, maana ikizimwa hakukubaki sauti nyingine.

Mwezi wa Aprili Wendell Stroh akampigia simu. Wendell alikuwa amefiwa na mkewe, mpigaji shabaha wa siku nyingi, na rafiki wa Gaylen tangu shule.

"Arlys, uko hai?"

"Nusu."

"Basi ilete hiyo nusu Juni. Tunafungua uwanja."

"Sina risasi."

"Duka la Doyle limejaa."

"Za dukani? Mtu hata kahawa sijanywa, umeanza kunitukana?"

Wendell akacheka. "Tengeneza, basi. Nani kakuzuia?"

Simu ilipokatika Arlys alikaa akilitazama lile swali. Kweli, nani kamzuia? Akatia mkono kwenye kopo la unga.

Gereji ilinuka mafuta na panya. Mashine ya mzunguko ilikuwa pale pale, wenzo juu, na ganda moja lilikuwa limebaki katikati ya safari, limefanyiwa mambo mawili na kusubiri matatu. Arlys akashika wenzo. Hakuweza kuushusha. Mshika mbili moja humponyoka, na mashine hii ilishika tano. Ndani ya mzunguko wake ndimo makosa ya Gaylen yalimojificha, yakitoka upande wa pili yakiwa yameng'aa kama risasi nzima. Hakuwa na ugomvi na chuma. Lakini alijua kwamba akiitumia hiyo hatalaza shavu kwenye bunduki bila kufumba macho. Akatafuta spana, akafungua boliti, akaishusha sakafuni akiikumbatia kifuani kama ndama mgonjwa.

Jumamosi akaenda kwa Doyle. Duka hilo liliuza bunduki, nyavu za samaki, dawa za mifugo na chumvi ya kulambwa na ng'ombe, na kwenye kona palikuwa na birika la kahawa na wafugaji wawili watatu ambao wake zao waliwafukuza nyumbani mpaka chakula cha mchana.

"Bi Brekke, siku nyingi," Doyle akasema. "Mzee anaagiza nini?"

"Mzee anaagiza supu ya kuku na biskuti. Mimi nataka mashine ya kushindilia."

Kwenye kona ya kahawa vikombe vikashushwa mezani.

"Ya nani?" Doyle akauliza.

"Ya kwangu. Mashindano ya yadi elfu."

Mfugaji mmoja mwenye kofia pana akageuka kwenye kiti. "Mpe nzito, Doyle. Mashine ni kama mama mkwe. Ikiwa nzito na haisogei, umepata bora."

"Mama mkwe wako alisogea mpaka Idaho ili akukimbie," Arlys akasema, na wenzake wakacheka hadi mmoja akamwaga kahawa.

Doyle akamtolea alizokuwa nazo. Ya mzunguko Arlys aliikataa kabla haijatoka kwenye boksi. Ya pili ilikuwa na kichwa cha kugeuza kwa mkono, kalibu zote zimepangwa juu yake kwa duara. Ukimaliza hatua moja unageuza, inakuja nyingine, wala hufungui kitu. Arlys akaipenda. Akatia ganda, akashusha wenzo taratibu, akaweka kidole juu ya kile kichwa. Chini kabisa, pale ganda lilipobana, kichwa kikanyanyuka unene wa karatasi.

"Kinanyanyuka."

"Kidogo tu, Bi Brekke. Na kinanyanyuka sawasawa kila mara. Kuna watu wanashinda vikombe nayo."

"Sikatai. Wana imani kuliko mimi."

Ya tatu ilikuwa pande moja la chuma cha kumimina, lenye umbo la herufi O, na nafasi ya kalibu moja tu. Ukitaka hatua nyingine, fungua kalibu, funga nyingine, rudia maganda yote tangu mwanzo. Doyle aliiweka kwenye kaunta kama mtu anayeomba radhi.

"Hii ni ya wanaoanza. Gaylen angekwambia hivyo hivyo. Kuna nyingine moja, hiyo ndiyo bibi harusi. Ndani yake kalibu haifungwi kabisa, inaachwa icheze kidogo, na ganda nalo linacheza, mpaka vyenyewe vinapatana katikati. Risasi inatoka imenyooka kama sala. Lakini sina. Anayeagiza leo anaipata majani yakianza kuanguka. Wendell Stroh anayo, kamwombe akuonyeshe."

Arlys akasema atafikiri. Mwenye kofia pana akamwambia asifikiri sana, mashine hazichumbiwi.

Kutoka dukani alikwenda kwa Gaylen, maana ilikuwa saa ya chakula. Alimkuta karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, shati limefungwa mpaka juu. Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala mapajani kama vifaa vilivyorudishwa kabatini. Arlys akamlisha nusu ya supu, na nusu Gaylen akaila mwenyewe. Siku hiyo uso wake ulikuwa mwepesi, basi Arlys akathubutu.

"Nataka kununua mashine ya kushindilia. Kuna ya kichwa cha kugeuza, kuna ya chuma kitupu, kuna ile inayocheza. Nichukue ipi?"

Gaylen akafikiri. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri zamani, ulimi kwenye shavu.

"Muulize Gaylen," akasema. "Yeye ndiye anayejua mashine."

Arlys akaweka kijiko chini.

"Gaylen yuko wapi?"

"Gerejini. Siku hizi hatoki." Halafu akamwinamia kidogo, kwa adabu ya mtu anayemwambia mgeni siri ya nyumba. "Usimkatize akiwa anapima baruti. Hukasirika."

"Sitamkatiza," Arlys akasema.

Alimfuta kidevu, akambusu paji la uso, akatoka. Pale nje muuguzi aliyekuwa akivuta sigara alimuuliza kama mzee yuko vizuri leo. Akasema yuko vizuri sana.

Jumatano akaenda kwa Wendell. Meza ya Wendell ilijaa ukuta mzima, na mashine nne zilisimama juu yake kama farasi zizini, mojawapo ikiwa ile aliyoiita Doyle bibi harusi. Wendell alimpa maganda, vichwa vya risasi na kalibu, bila baruti wala fataki, akamwambia atengeneze za bandia kwenye kila mashine, kisha wazipime. Kipimo chenyewe kilikuwa kama kitanda kidogo cha chuma. Unalaza risasi, unaizungusha kwa kidole, na mshale kwenye saa yake unaonyesha kama kichwa kimeinama.

Wakafanya kazi mchana kutwa. Kwanza Arlys aliharakisha kwa haya, na mshale ukacheza kama mkia wa mbwa. Arlys akapunguza mwendo. Akajifunza kusukuma kichwa cha risasi nusu, kulegeza, kulizungusha ganda kidogo, kisha kumalizia. Mshale ukaanza kutulia. Kwenye ile inayocheza ulitulia zaidi, ni kweli, na wenzo wake ulishuka kwa utamu wa mlango wa kanisa jipya. Lakini alipokuja kwenye mashine kongwe ya chuma kitupu, ambayo Wendell aliitumia kung'olea fataki za zamani tu, mshale ulitulia karibu vile vile.

"Hii inaning'ata ninapokosea," Arlys akasema. "Nahisi hapa kiganjani. Ile nzuri inanisamehe."

"Watu hulipia huo msamaha."

"Na kalibu zako nzuri. Nadhani ndizo zinazofanya kazi, mashine inazibeba tu."

"Nusu kalibu, nusu mkono," Wendell akasema. "Mashine ni ya tatu. Wanaume wa pale kwa Doyle hawataki kusikia hilo, watakosa la kubishania."

Kisha akavigeukia viazi vyake jikoni, mlango ukiwa wazi, na akasema bila kumtazama, "Arlys, ukiona taabu, niletee maganda. Nitakushindilia mimi. Wewe utapiga, mimi nitakaa nyuma na darubini."

Arlys akaendelea kurudisha maganda sandukuni.

"Na nyumba hii ina viti vingi kuliko watu. Sisemi kwa ubaya."

"Najua husemi kwa ubaya."

"Gaylen ni ndugu yangu."

"Najua, Wendell."

Wakala nyama na viazi. Chakula kilikuwa kizuri. Mtu wa pili mezani alikuwa akitafuna, akiomba chumvi, akilalamika juu ya mvua, na Arlys aliona jinsi alivyokuwa amesahau kwamba kula kuna mazungumzo ndani yake. Aliosha vyombo pasipo kuombwa. Taulo la mkewe Wendell lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari, limepauka, hakuna aliyelitumia. Arlys akafuta mikono kwenye suruali yake.

Njia nzima ya kurudi alijiruhusu kuona kwa mawazo. Aliona taa jikoni kwa Wendell, jozi mbili za viatu mlangoni, risasi zilizonyooka ndani ya sanduku zikimsubiri tayari. Kitu gani kibaya hapo? Hata mchungaji wa Kilutheri angekohoa tu na kugeukia habari nyingine. Lakini wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Maisha yote alikuwa ameweka uso wake nyuma ya mlipuko uliopangwa na mikono ya mtu mwingine, hakuwahi kuuliza, na mikono hiyo ilipochoka hakuna aliyemwambia, wala yeye hakuona. Akipeleka maganda kwa Wendell, itabidi siku moja aanze kuitazama mikono ya Wendell, wanakula, anaitazama. Hakutaka kumtazama mtu hivyo tena.

Akamrudia Doyle, akanunua ile ya chuma kitupu, pamoja na kalibu bora kuliko mashine yenyewe.

"Umeacha madoido yote," Doyle akasema akimbebea.

"Mimi nayo tunalingana."

Mashine haikukubaliana na matundu ya zamani, ikabidi atoboe mapya. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa meza. Gaylen aliijenga mwenyewe kwa mbao za daraja lililovunjwa, akaipima kwa kimo chake, naye alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Arlys alimfika kwapani. Kuufikia wenzo juu ilimbidi asimame juu ya kreti la maziwa, na mtu aliyesimama juu ya kreti hasukumi, anajining'iniza. Akatengeneza risasi za bandia, akazilaza kwenye kipimo alichoazimwa na Wendell. Zote zilikuwa na kilema. Akajaribu kreti mbili. Akajaribu ubao. Akahamisha mashine kwenye meza ya jikoni, na meza ikapiga magoti.

Siku nzima aliizunguka ile meza ya Gaylen. Dawa aliijua tangu asubuhi, ila aliikwepa. Alijiambia mbao ni nzito. Alijiambia msumeno butu. Mwishowe alikaa juu ya kreti akasema kwa sauti, gereji nzima ikasikia, kwamba mwenye meza harudi. Kumbe hakuwa amewahi kulisema hilo, si mbele ya daktari, si kwa Karla, si kanisani walipoiombea familia yao.

Akapiga simu Spokane.

"Mama, niko kazini, kuna nini?"

"Nataka kukata miguu ya meza ya baba yako."

Karla akauliza, "Kwani lazima? Huwezi kununua meza nyingine?"

"Naweza."

"Basi?"

Arlys akatazama upande wa gereji. Alijua tu kwamba hataki meza nyingine gerejini, huku ya Gaylen imeegemezwa ukutani na turubai juu yake kama maiti. "Nilitaka ujue kabla sijakata," akasema.

"Kata, mama," Karla akasema. "Lakini angalia vidole."

Akaiegemeza meza juu ya magogo, akapima kwa kiwiko chake mwenyewe, akachora mstari. Mbao za daraja zilikuwa ngumu kama pembe. Alikata, akapumzika, akakata, jasho likimwingia machoni, na mguu wa kwanza ulipoanguka ulitoa sauti kavu sakafuni naye akakaa chini kando yake akalia kwa muda mrefu, akiwa ameushika msumeno mapajani. Mbwa wa jirani alifika mlangoni, akamtazama, akaondoka. Arlys akainuka, akakata mitatu iliyobaki. Alipoisimamisha meza ilikuwa yake. Aliposhusha wenzo, bega, kiwiko na kiganja vilishuka pamoja, na mshale wa kipimo ukasimama.

Toka hapo akafanya kazi kila alasiri. Hatua moja kwa siku, ganda moja kwa wakati. Kila ganda alilimulika kwa tochi baada ya kulitia baruti, akalitazama ndani, kisha akalimulika tena kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kumcheka. Upepo ulitikisa mlango wa gereji. Mara nyingine aligeuka akadhani mtu ameingia.

Juni ikaja, na uwanja ukajaa magari na mabakuli ya saladi ya viazi. Watu walimsalimia Arlys kwa uangalifu, kama watu wanavyomsalimia aliyetoka hospitali. Wendell alibeba kiti chake cha kukunja.

"Nikae nyuma yako, au unanifukuza?"

"Kaa. Ila usiseme neno."

"Hata upepo ukibadilika?"

"Hata nikilenga ng'ombe wa mtu."

Alilala mkekani. Risasi ya kwanza alifumba macho, mwili wenyewe ukakumbuka lile shavu. Bunduki ikapiga, komeo likafunguka laini, ganda likatoka safi. Ya pili hakufumba. Ilipofika ya tatu mikono yake ilikuwa imetulia, lakini nyasi mbele zililala huku, zikanyanyuka, zikalala kule, naye akangoja. Aligundua kwamba anachongoja ni sauti. Nyuma yake Wendell alipumua, kiti kikalia, hakuna neno. Arlys akakisia. Akafyatua. Akakisia tena.

Karatasi yake ilipoletwa kutoka kule mbali, watu waliizunguka. Matundu yalikuwa yamejipanga kwa mstari mmoja, kutoka kushoto hadi kulia, kama shanga juu ya uzi. Hakuna lililopanda, hakuna lililoshuka. Lakini upana wake, mtu angeweza kulaza fimbo.

Wendell alivua kofia akakuna kichwa. "Juu na chini ni kazi ya risasi," akasema polepole. "Sijaona risasi kama hizi uwanjani hapa. Hata za Gaylen..." Akaacha hapo.

"Na kushoto na kulia?"

"Huo ni upepo, Arlys. Hukuusoma."

"Sijawahi kuusoma. Nilikuwa nasomewa."

Alimaliza katikati ya orodha, nyuma ya mwenye kofia pana, ambaye hakumtania. Alikula kidogo, akasifiwa kidogo, akaikunja ile karatasi akaitia chini ya kiti cha pikapu. Jioni alitaka kumweleza mtu jinsi yale matundu yalivyokaa, jinsi yalivyonyooka, lakini kulieleza hilo kunahitaji mtu anayejua baruti, na mtu huyo alikuwa amelala mjini bila kujua kwamba anajua. Alimpigia Karla. Karla alisema, "Hongera, mama, umekuwa wa ngapi?" Arlys akamwambia. Karla akasema si vibaya.

Wiki iliyofuata alimwomba Wendell kitu kimoja tu, amfundishe kusoma upepo kwenye nyasi. Basi kila Alhamisi wakawa wanakutana kwenye kilima juu ya uwanja, bila bunduki, kila mmoja na darubini yake na chupa yake ya kahawa. Wendell alionyesha kwa kidole jinsi upepo wa bondeni unavyoweza kwenda upande wake na wa juu ukaenda wake, na jinsi joto linavyochemka ardhini na kuinamia unakoelekea upepo. Arlys alikosea sana. Alianza kukosea kidogo. Wakati mwingine walikaa saa nzima bila kusema, wakitazama majani yakiinama na kuinuka mpaka upeo wa macho, na Arlys aliona kwamba kimya cha watu wawili hakifanani na kimya cha nyumbani, ingawa nacho ni kimya.

Wendell hakulirudia lile neno lake la viti. Jua lilipoelemea walikunja viti, wakaagana kwa kuinua mkono, kila mtu akapanda gari lake. Kwenye njia panda Wendell alikata kulia, na Arlys akanyoosha mbele, kwenye barabara ya changarawe, vumbi likimfuata.